Faida ya Wote ni Faida ya Nani?

Kuna maneno ambayo Kanisa limeyafundisha kwa heshima tangu zamani, na ambayo siku hizi wenye nguvu wameyaokota na kuyafanya fimbo ya kuwapigia wanyonge. Maneno hayo ni haya: faida ya wote. Katika mafundisho yetu, faida ya wote ni hali ile inayomwezesha kila mtu, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, kuishi kama impasavyo mwana wa Mungu. Lakini katika kinywa cha mwenye kampuni maneno yayo hayo yana maana nyingine kabisa: Ondoka, tunapita.

Tutaonyesha jambo hili kwa mfano mmoja wa kweli. Hatuutoi Afrika, asije mtu akasema kwamba mambo kama haya hutokea tu katika nchi zisizo na sheria wala mahakama. Tunautoa Ujerumani, upande wa magharibi, kati ya miji ya Köln, Aachen na Mönchengladbach, katika nchi ya wakulima Wakatoliki, penye udongo ulio miongoni mwa udongo bora wa Ujerumani nzima.

SHIMO LA GARZWEILER

Chini ya mashamba hayo kuna makaa ya mawe ya namna duni. Si yale meusi na magumu. Ni laini, rangi yake ni ya kahawia, na wataalamu huyaita linyiti. Karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiyasafirisha mbali, unasafirisha maji, na gharama inakula faida. Kwa sababu hiyo mitambo ya umeme hujengwa karibu na shimo, na makaa hupelekwa kwa reli ya kampuni yenyewe mpaka Neurath na Niederaußem, ambako huchomwa usiku na mchana. Kampuni hiyo ni RWE.

Tena makaa hayo hayachimbwi kwa njia nyembamba za kuingia chini ya ardhi. Udongo wote wa juu huondolewa. Kwa kila tani moja ya makaa huondolewa karibu mita tano za ujazo za udongo. Na pamoja na udongo huondoka kila kilicho juu yake: shamba, mti, barabara, nyumba, shule, kanisa na makaburi. Mashini zake ni kubwa ajabu. Mojawapo, iitwayo Bagger 288, ina kimo cha karibu mita 100, na kwa gurudumu lake la ndoo inaweza kuondoa mita za ujazo 240,000 kwa siku moja. Mwaka 2001 ilitembezwa kilometa 22 kutoka shimo la Hambach mpaka shimo la Garzweiler. Ilivuka mto, reli na barabara kuu ya motokaa, na safari ilichukua majuma matatu. Ikiwa barabara kuu inaipisha mashini hiyo, kijiji cha wakulima kitaizuia kwa nini?

Tangu vita kuu ya pili watu zaidi ya 40,000 wamehamishwa katika nchi ile ya makaa. Jina lenyewe la Garzweiler ni jina la kijiji kilichomezwa. Shimo lilikula kijiji, kisha likavaa jina lake. Mwaka 1995 Serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen iliidhinisha shimo lipanuliwe kwa kilometa za mraba 48, na watu zaidi ya 7,000 wakaambiwa kwamba siku yao ya kuhama itafika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile: nchi inahitaji umeme, ni faida ya wote.

KANISA LA IMMERATH

Kijiji kimoja kiliitwa Immerath. Wakulima wa kijiji hicho walikuwa wamejijengea, kati ya mwaka 1888 na 1891, kanisa la Mtakatifu Lamberti, lenye minara miwili, kubwa kuliko kijiji chenyewe, hata watu wa jirani wakaliita kanisa kuu la Immerath. Oktoba 2013 kanisa hilo liliondolewa wakfu. Wafu walifukuliwa makaburini, wakapelekwa kuzikwa upya mahali pengine. Tarehe 8 Januari 2018 mashini za kubomoa zilianza kazi, na siku iliyofuata minara haikuwapo tena. Katika Immerath mpya pamejengwa kanisa dogo. Kabla yake kanisa la Mtakatifu Martini la Borschemich lilikuwa limekwisha bomolewa mwaka 2016.

Wengine watasema: Matofali ni matofali, Kanisa ni Wakristu, si ukuta. Tunajibu: Ndiyo, ni mafundisho ya kweli. Lakini ajabu ni kwamba wanaoyasema hayo kwa sauti kubwa ni wale ambao siku nyingine zote hawajali mafundisho. Hatujasikia bado mkubwa wa benki akisema kwamba benki ni watu, si nyumba, kwa hiyo ofisi yake ibomolewe. Tena Wakristu wenyewe hawakubaki mmoja. Wengine walihamia kijiji kipya, wengine mjini, wengine kwa watoto wao. Wazee wengi hupenda kufia walikozaliwa. Jirani aliyekaa mlango kwa mlango na jirani yake miaka hamsini, leo anamwona kwenye mazishi tu. Ikiwa Kanisa ni watu, basi na watu hao wamebomolewa.

HAO WALIOSEMA «LAZIMA»

Tuje sasa kwenye kiini cha neno letu. Wakubwa walisema: Ni lazima. Tuulize: Lazima hiyo ilidumu muda gani?

Mwaka 1995 ilikuwa lazima kuchukua eneo lote la kilometa za mraba 48. Mwaka 2014 Serikali ya jimbo ilitangaza kwamba kijiji cha Holzweiler, kilichokuwa ndani ya eneo hilo, kitaachwa. Kumbe haikuwa lazima! Mwaka 2020 Bunge la Ujerumani lilitunga sheria ya kuacha makaa ifikapo mwaka 2038, na ndani ya sheria hiyohiyo likaandika kwamba shimo la Garzweiler ni la lazima kwa umeme wa nchi. Tarehe 4 Oktoba 2022, yaani miaka miwili tu baadaye, Serikali na kampuni wakapatana kwamba huko magharibi makaa yataachwa mwaka 2030 badala ya 2038, na kwamba vijiji vitano havitabomolewa: Keyenberg, Kuckum, Oberwestrich, Unterwestrich na Berverath. Kumbe, kwa mara nyingine tena, haikuwa lazima!

Hatuwalaumu kwa kubadili hesabu. Mtu mwenye akili hubadili hesabu akijua zaidi. Tunawalaumu kwa jambo jingine: hesabu yao ilikuwa ya kukisia, nao waliitumia kama sheria ya Mungu. Hesabu ya karatasi hufutwa kwa kalamu. Kanisa la Immerath halirudishwi kwa kalamu. Kaburi lililofukuliwa halirudi kuwa kaburi. Mwenye kukisia hana haki ya kutenda jambo lisilorudishika, hasa likiwa juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Tazama hasa kijiji cha Keyenberg. Wakaaji walianza kuhamishwa tangu mwaka 2016. Mwishoni mwa Novemba 2021 kanisa la Msalaba Mtakatifu likaondolewa wakfu. Haukupita mwaka, ikatangazwa kwamba kijiji hakitaguswa. Kanisa limesimama, nyumba zimesimama, lakini wengi wa wakaaji wamekwisha ondoka. Tunasema kwa heshima kwa wakubwa wetu, lakini tunasema: kanisa lisitangulie kuondoka. Mama hatoki nyumbani wakati watoto wangali ndani. Kijiji kikiona taa ya altare imezimwa, kinajua kwamba hata wale waliopaswa kukisemea wamechoka. Walikuwako Wakristu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, waliojiita kwa Kijerumani «Die Kirche(n) im Dorf lassen», maana yake, Acheni kanisa kijijini. Hao walisali kwenye ukingo wa shimo, wasichoke. Waliitwa wajinga. Vijiji vitano vinashuhudia nani alikuwa mjinga.

Lakini kitongoji cha Lützerath hakikuokoka. Kiliwekwa ndani ya mapatano yaleyale ya Oktoba 2022 kama bei ya vile vitano. Mkulima wa mwisho alikuwa amekwenda mahakamani, akashindwa, akaondoka mwaka huohuo. Vijana waliokuja kukaa katika nyumba zilizoachwa waliondolewa na polisi Januari 2023, na maelfu ya watu walikuja kuwaunga mkono katika mvua na matope. Hata mahakama kuu ya katiba, Desemba 2013, ilikwisha sema kwamba mwenye nyumba apewe nafasi ya kujitetea mapema, kabla mashini hazijafika mlangoni. Neno jema! Lakini hukumu hiyohiyo iliacha shimo liendelee, na watu wa Immerath wakapata haki ya kusikilizwa wakiwa wamekwisha funga mizigo.

MANENO YA WATETEZI

Wanasema: Bila makaa ni giza. Tunajibu: Hapo zamani ilikuwa kweli, na hatuwadharau waliochimba makaa ili nchi iliyoharibiwa na vita ipate kusimama. Lakini dawa ya jana yaweza kuwa sumu ya leo. Umeme wa linyiti, kwa kila kilowati-saa moja, hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayopasha dunia joto. Tangu mwaka 2023 zaidi ya nusu ya umeme unaotumiwa Ujerumani hutoka katika upepo, jua, maji na mimea. Na sikilizeni jambo hili: karibu na Keyenberg vinu vya upepo vilibomolewa ili shimo la makaa lipite. Hivyo ndivyo giza linavyozuiwa, kwa kuvunja taa?

Wanasema: Watu wamelipwa fidia. Tunajibu: Ni kweli, wamelipwa, na wengi wana nyumba mpya nzuri. Lakini someni tena habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kuua. Alianza kwa kutoa fidia, tena fidia nzuri: shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Maandiko hayasemi kwamba bei ya Ahabu ilikuwa ndogo. Dhambi yake haikuwa katika bei. Ilianza pale alipoona neno «hapana» la mtu mdogo kuwa ni tusi. Biashara ni biashara pale tu ambapo muuzaji anaweza kukataa. Pale ambapo sheria ya madini inampa mnunuzi ruhusa ya kuchukua hata ukikataa, fedha hiyo si bei. Ni kitambaa cha kufutia machozi.

Na kama tunazungumza juu ya fidia, tuone nani aliyelipwa vizuri. Katika mpango wa kuacha makaa, kampuni RWE ilipangiwa euro bilioni 2.6. Hiyo ni fidia ya kuacha. Aliyehamishwa alilipwa kwa kupoteza; aliyehamisha analipwa kwa kukoma. Mwizi wa kuku hajapata bado hakimu wa namna hiyo.

Wanasema: Na wafanyakazi je, watakula nini? Tunajibu: Swali hili peke yake ndilo linalostahili kujibiwa kwa upole. Mchimba makaa si adui wa mkulima. Ana watoto, ana fundi yake mkononi, na amefanya kazi aliyopewa. Haki yake ni kupata kazi nyingine kabla ya ile ya kwanza kufungwa. Lakini Serikali ya Ujerumani ilikwisha tunga sheria mwaka 2020 kutenga hadi euro bilioni 40 kwa ajili ya nchi za makaa, ili viwanda vipya vifunguliwe. Basi fedha ipo. Asitokee mkubwa akajificha nyuma ya mgongo wa mfanyakazi kama mtu anayejificha nyuma ya mtoto wakati wa kurushiana mawe.

Wanasema mwisho: Ardhi itarudishwa, patakuwa ziwa zuri. Tunajibu: Ili shimo lisijae maji, pampu huvuta maji ya chini ya ardhi mchana na usiku, na mabwawa na misitu ya mbali inabidi inyweshwe kwa mkono wa mwanadamu isikauke. Siku mashini zikiondoka, maji yatavutwa kwa mabomba kutoka mto Rhine ili kujaza shimo, na kazi hiyo itachukua miongo mingi ya miaka. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na mvi kabla ziwa halijajaa. Babu ametumia umeme. Mjukuu atalipia maji. Je, na mjukuu yumo katika lile neno «wote»?

MWENZAKO AKINYOLEWA

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Msomaji wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kalemie, usiseme: Haya ni mambo ya Ulaya. Yanakuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hii. Ulaya inaacha makaa, nasi tunafurahi. Lakini motokaa za umeme zinahitaji betri, na betri nyingi zinahitaji kobalti, na sehemu iliyo kubwa kabisa ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Huko Kolwezi mashimo ya wazi yamesogea mpaka kwenye nyumba za watu. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo IBGDH walitoa ripoti juu ya wakaaji waliohamishwa kwa ajili ya machimbo hayo, na mtaa wa Cité Gécamines ni mmoja wa mitaa iliyotajwa. Hapo pia neno ni lilelile: maendeleo, faida ya wote, tena sasa limeongezwa neno jipya, wokovu wa hali ya hewa. Tuseme wazi: shimo lililofungwa Ujerumani lisije likafunguliwa chini ya kitanda cha Mkongo. Hewa safi inayonunuliwa kwa nyumba ya maskini haikusafishwa. Uchafu wake umehamishwa tu.

Njia ya pili ni hii. Tunayajua mambo ya umeme usiotuangazia. Tangu mwaka 1982 waya mkubwa unatoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, kulisha machimbo. Chini ya waya huo kuna vijiji vingi ambavyo jioni huwasha koroboi. Mkulima wa Immerath alau alikuwa na taa chumbani mwake wakati anasoma barua ya kufukuzwa. Hatusemi waya usingejengwa. Tunasema kwamba neno «wote» lihesabiwe kwa vichwa, si kwa tani.

BASI TUFANYE NINI?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Mafundisho hayo si ya kufungiwa kabatini. Parokia iliyo karibu na machimbo, au itakayokuwa karibu nayo kesho, ina kazi nne.

Kwanza, mtu asitie sahihi peke yake. Kampuni hupenda kuongea na nyumba moja moja, kwa sababu ufito mmoja huvunjika na mzigo wa fito hauvunjiki. Barua zote zisomwe mbele ya watu, zifasiriwe katika lugha ya watu, na nakala ibaki parokiani.

Pili, anayesema «ni lazima» atoe hesabu yake hadharani. Aseme ni umeme gani, wa nani, kwa miaka mingapi, na ni njia gani nyingine alizozipima akaziacha. Akiona haya kuonyesha hesabu, basi si lazima, ni tamaa.

Tatu, yasiyorudishika yafanywe mwisho. Kanisa, shule, zahanati na makaburi visiuzwe wala kufungwa kwanza ili kuwavunja watu moyo. Na zile nyumba zikiisha kweli, padri ndiye awe mtu wa mwisho kufunga mlango.

Nne, wafu waandikwe. Kitabu cha makaburi kitunzwe vizuri, jina na mahali. Kijiji kisichojua wafu wake wamelala wapi ni rahisi kuambiwa kwamba hapo palikuwa pori.

Wengine watatuita maadui wa maendeleo. Si hivyo. Tunataka umeme katika kila nyumba ya Kongo, tunataka viwanda, tunataka reli zinazotembea. Lakini kazi ya Serikali si kumsaidia mwenye mashini apite upesi. Kazi yake ni kusimama pale njiani na kuuliza kwa niaba ya mdogo: Je, na huyu umemhesabu? Methali yetu inasema, Mwenye nguvu mpishe. Ni shauri zuri kwa mtu aliye peke yake njiani usiku. Si sheria ya kuendeshea nchi, wala si neno ambalo Mkristu atakwenda kulitolea hesabu mbele ya Mungu.